Mantra Kwenye Kiti cha Kinyozi

Wateja walimwita Wembe, na kwa miaka ishirini na miwili jina hilo lilimkaa sawasawa. Ndevu alizinyoa kwa wembe wa kukunja, akavuta kutoka sikioni mpaka kidevuni bila kupepesa. Lakini tangu miezi minane iliyopita mkono wake wa kulia ulikuwa umemgeuka. Ulisubiri mpaka wembe ukaribie ngozi ya mtu, ndipo uanze kutetemeka. Hakumwambia yeyote, hata mkewe, ambaye kwa kawaida husimuliwa mpaka ndoto. Kinyozi anayetetemeka atanyoa nani?

Ajabu ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja ambaye mkono ule ulimheshimu. Huyo ni Mzee Miwani, Mhindu, fundi wa miwani aliyestaafu, aliyekuja kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Akishafungwa shuka shingoni, mzee hufumba macho na kuanza: "Om Namah Shivaya." Hunyamaza kidogo, kisha hurudia, tena na tena, huku kidole gumba kikitambaa chini ya shuka juu ya pingili za vidole vingine. Mwanzoni Wembe alidhani mzee anajikuna. Midomo ikicheza, Wembe huinua wembe na kungoja. Ikitulia, huvuta mara moja. Na mkono hutulia tuli, kama zamani.

"Haya maneno yana kitu," alijisemea, na dukuduku likamkaa rohoni. Akaona ayajaribu. Alhamisi alimpata mwalimu wa udereva, mtu asiye na subira hata kwa taa nyekundu. Wembe akapaka povu, akameza mate, akaanza kunong'ona harakaharaka, "Om Namah Shivaya, Om Namah Shivaya," huku akinyoa.

Mwalimu wa udereva akafungua jicho moja. "Wewe, unaniroga?"

"Naimba tu, kaka."

"Basi imba kitu kinachoeleweka!"

Mkono ukacheza, kidevu kikatoka damu. Wembe akabandika pamba na kuomba radhi mara tatu, na mtu yule aliondoka akijitazama kwenye kila kioo cha gari alichokipita.

Jumamosi hakuweza kuvumilia. Mzee hajamaliza hata kukaa, swali likamtoka. "Mzee wangu, hayo unayosemaga hapa, maana yake nini?"

Mzee alifurahi kuulizwa. "Ni mantra, maneno ya ibada. Om ni sauti ya mwanzo, hiyo usiitafute kwenye kamusi. Namah, nainama. Shivaya, kwa Shiva, Mungu wetu. Basi."

"Ni dawa?"

"Dawa ya nini? Simwombi hata kitu. Nainama mara mia na nane. Mtu akiinama sana, ile kelele ya mimi, mimi, mimi hupungua kichwani."

"Kwa nini isiwe mia kamili?"

"Mwalimu wangu wa dini alinipa sababu saba. Sita nimezisahau."

"Na ya saba?"

"Hiyo sikuielewa." Mzee akacheka. "Nahesabu kwa pingili za vidole. Nikipotea, naanza upya. Kuna siku redio yako ilinianzisha upya mara nne."

Wembe alipaka povu, mzee akaanza, mkono ukatulia. Walikuwa wamefika shavu la pili alipoingia binti mkubwa wa mzee, aliyekuja kumchukua. Akasimama mlangoni, kinywa wazi.

"Baba! Tangu lini unaisema kwa sauti?" Akamgeukia Wembe. "Nimezaliwa nyumba ile, kaka yangu, sijawahi kuisikia sauti yake. Hukaa kimya, macho kafumba. Marehemu mama alitwambia yeye husema moyoni, na ya moyoni ndiyo kubwa kuliko zote."

"Nenda kaningoje kwenye gari," mzee alisema, na binti akatoka akitikisa kichwa.

Wembe alibaki na wembe hewani. Alipiga hesabu. Kwa miaka mingi mzee huyu alikuwa mteja wa kimya. Sauti ilianza mwaka huu.

"Mzee, ulianza lini kusema kwa sauti hapa kwangu?"

Mzee alimtazama kupitia kioo. "Ulipoanza kutetemeka."

"Nimetengeneza miwani miaka arobaini, fundi. Macho yangu hufuata mikono ya watu, sina namna. Siku moja nilijisahau, nikaitamka. Nikaona unangoja midomo inyamaze, na ukingoja, mkono unapumzika. Nikajisemea, basi nimpe vituo vya kungojea."

"Kwa hiyo si maneno yaliyonituliza, ni kule kungoja?"

"Hapo umenizidi. Mimi nainama tu, ya mkono wako siyajui."

"Ungehamia kwa kinyozi mwingine."

"Watu wangeniuliza kwa nini nimekuacha. Mimi si hodari wa uongo."

Aibu ilimpanda Wembe mpaka masikioni, na nyuma yake ikaja shukrani. Akakaa kwenye kiti cha pili, kile cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia.

"Naogopa, mzee," alisema. Miezi minane neno hilo lilikuwa limemkwama.

"Hata mimi naogopa," mzee akajibu. "Kila Jumamosi! Koo si langu?"

Walicheka mpaka povu likamdondoka mzee kifuani. Kisha Wembe akainuka, akaukunja wembe, akauweka kwenye droo na kuifunga. Akampangusa mzee uso, akachukua mashine ya kunyolea, ile yenye kichana, isiyoweza kumkata mtu hata mkono ukicheza.

"Jumatatu nakwenda hospitali," alisema. "Na leo usiku namwambia mke wangu."

"La mkeo ndilo la kwanza," mzee alisema.

Mashine ikaanza kunguruma. Kwa mazoea Wembe aliinama, akaingoja Om ya kwanza. Mzee alikuwa ameshafumba macho, kidole gumba kikitambaa chini ya shuka, na midomo yake haikucheza kabisa.