Sweta Iliyokwenda Mshazari

Sweta ilikuwa imelala mezani, nimeibana kwa pini pande zote, na bado mshono wa ubavuni ulikuwa ukisogea kuelekea kitovuni. Nilikuwa nimeilowesha, nimeinyoosha, hata matusi nimeitupia. Ilipokauka nikachomoa pini, ikapinda vilevile. Kwa ukaidi sina mpinzani, lakini siku ile nilimpata.

Uzi ulikuwa wa mama. Aliusokota kwa mkono akiwa mgonjwa, mabonge sita ya sufu ya kijivu, akisema ni wa sweta ya baba. Alifariki kabla hajashika sindano. Tulipotoka kuzika nikaanza kufuma kwa pupa, kana kwamba nikimaliza upesi nitamkuta bado yupo. Leo naishi kwa kufuma, na mwanafunzi akiniletea uzi ambao haujatulia namrudisha nyumbani. Wakati ule nani angenirudisha?

Baba alinipa sharti moja tu: nisiongeze uzi wa dukani. Hakuwa amelia tangu msiba. Alikula, akaitikia salamu, akakaa akiutazama ukuta. Niliogopa kwamba tungempoteza naye, na niliamini sweta ile ndiyo ingemrudisha.

Mama mkubwa, dada yake mama, alipokuja aliitazama mara moja. Akachukua kipande cha uzi uliobaki, akakikunja katikati. Kikajinyonga chenyewe.

"Kazi haijaisha hii," akasema. "Kasokota kulia tu. Ilibaki kuunganisha nyuzi mbili na kuzisokota kushoto, ndipo uzi utulie. Ukiufuma hivi utakwenda mshazari mpaka kiama."

"Nikiunganisha, si utabaki nusu?"

"Nusu. Mikono ya sweta usahau. Fumua."

"Hakuna kufumua!" Baba alikuwa mlangoni. Sikuwa nimesikia sauti yake ikipanda kwa wiki nyingi. "Uzi huo ni kazi ya mkono wake."

"Shemeji," mama mkubwa akamjibu taratibu, "mdogo wangu hakuwahi kumvika mtu nguo iliyopinda. Mmalizieni kazi yake."

Baba akaingia ndani. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yangu.

"Nishike wapi?"

Nikafumua kazi yangu yote ya mwezi mzima. Nikampa nyuzi mbili, moja kila mkono, nami nikaanza kuzungusha kijiti cha kusokotea kuelekea kushoto. Miaka thelathini aliishi na mama, na hakuwahi kuugusa uzi wake. Nyuzi zikaanza kujizungusha vidoleni mwake. Akashtuka, nusura aziachie.

"Zinanivuta."

"Ni msokoto wa mama huo, baba. Unafunguka."

Akazishika vizuri zaidi. Machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Polepole basi, mwanangu," akasema. "Usimmalize haraka."

Nikapunguza mwendo.