Sahihi ya Siku ya Sitini

Kanyshai aliingia mji mkuu, Bishkek, siku ya hamsini na tisa, viatu vimeganda tope la Kochkor, na ndani ya mkoba wake mna karatasi moja tu ya maana.

Ilikuwa barua ya wanawake kumi na wanne wanaoshindilia sufu na kushona mazulia nyumbani kwa mamamkwe wake. Kanyshai ndiye mkaza mwana mdogo, ndiye mwenye simu, ndiye anayeandikiana na wanunuzi wa ng'ambo. Kwa hiyo ndiye aliyeliona lile tangazo. Kuna kampuni huko duniani iliyopewa mkia mpya wa anwani za mtandaoni, lile neno la mwisho baada ya nukta, na neno lenyewe lina maana ya zulia. Majina ya nchi yalikuwa yamefungwa kwenye mkia huo, hakuna ruhusa ya kuyachukua. Sasa wenye mkia walitaka kuyafungua, na kila serikali ikapewa siku sitini za kusema hapana. Atakayenyamaza atahesabiwa amekubali. Na wa kwanza kwenye foleni ya jina la Kirigizistani alikuwa mwenye kiwanda wa nchi ya mbali, ambaye mashine zake zinatoa mazulia mia mbili kwa siku.

"Akilipata jina," aliwaeleza wanawake, "mtu akitafuta zulia la Kirigizi atafikia mlangoni kwake. Sisi hatatuona."

"Jina la nchi linachukuliwaje?" aliuliza mmoja wao. "Kwani ni mbuzi?"

"Mbuzi ungemfukuzia," mamamkwe akajibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Nenda mjini, binti. Serikali waseme hapana kwa midomo yao."

Ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya mtandao ilikuwa ghorofa ya tatu. Naibu wa mkuu, Sovetbek, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua daftari la barua zinazoingia, akapitisha kidole juu hadi chini.

"Barua kama hiyo kutoka kwa wenye mkia haikufika kwetu, dada."

"Ilitumwa kwa barua pepe, kaka. Tarehe mbili mwezi uliopita. Tangazo lenyewe limesema."

Sovetbek aligeukia kompyuta, akatafuta, akakohoa. "Naam, ipo. Lakini haikuchapwa. Isipochapwa haiingii kwenye daftari. Isipoingia kwenye daftari haina namba. Sasa isiyo na namba naijibuje?"

Hakuwa anatania. Barua ilikuwa imelala mle siku hamsini na tisa, na kila aliyepita alingoja mwingine aichape. Mama wa daftari, aliyekaa meza ya pili, aliichapa hapo hapo, akaipa namba, akaigonga muhuri. Kisha akaipokea barua ya wanawake, akaomba jina la mwenyekiti wao. Kanyshai alichukua kalamu akaliandika mwenyewe, kwa kuwa mwenyekiti ni mamamkwe, na mkaza mwana halitamki jina la mamamkwe wake.

"Hata huku mjini?" mama wa daftari akacheka. "Hakusikii, mwanangu."

"Najisikia mimi."

Sovetbek aliandika pingamizi, mistari mitatu. Kanyshai akashusha pumzi. "Sasa sahihi."

"Sahihi si yangu. Wale wa ng'ambo wanalijua jina moja tu kutoka kwetu, la mkuu. Nikitia mimi, ni kama ametia fundi wa mabomba."

"Basi mkuu yuko wapi?"

Wawili wale walitazamana. Mama wa daftari ndiye aliyejibu. "Amefiwa na mama yake juzi. Wako Kemin. Wanazika kesho."

"Kesho ndiyo ya sitini. Saa kumi na mbili jioni wanafunga."

"Ofisi nzima tunakwenda," alisema Sovetbek. "Panda nasi. Ukimwona amepumua kidogo, mpe atie. Mimi nitaipiga picha niitume kwa simu papo hapo. Dakika moja tu."

"Msibani, kaka?"

"Usinitazame hivyo. Mimi mtu wa chini yake, siwezi. Wewe mgeni."

Walifika Kemin asubuhi. Hema la sufu lilikuwa limesimamishwa uani, na kando yake wamejipanga wanaume wa nyumba ile, wameegemea fimbo, wanalia kwa sauti. Mkuu alikuwa wa kwanza, kofia imemshukia machoni. Sovetbek na wenzake, waliokuwa wakichekeshana garini kuhusu bei ya matairi, waliruka chini na kuanza kukimbia huku wakipiga yowe, "Mama yangu ee! Mlima wangu ee!" Kanyshai naye akafungua kinywa. Mwanamke haingii nyumba ya msiba mdomo mkavu.

Ndani, mabinti wa marehemu walikaa wameuelekea ukuta wa hema, wanaomboleza. Aliwakumbatia mmoja mmoja, akakaa nao, akatoa maombolezo aliyofundishwa na bibi yake. Alianza kwa adabu tu. Lakini sauti ilipotoka haikurudi. Alimlilia yule bibi kizee asiyemjua, akajililia na safari yake, akawalilia wale kumi na wanne na vidole vyao vilivyopasuka kwa maji ya moto na sabuni. Karatasi ya pingamizi ilimchoma ubavuni, ndani ya koti, kila alipoinama.

Wanaume walikwenda kuzika wakarudi saa tisa. Ikaletwa chai na maandazi. Kanyshai akakaa pembeni akamtazama mkuu, kama anavyotazama sufu ikichemka mpaka ishike rangi. Alipumua mara ya kwanza, wakafika wazee kutoka Naryn. Mara ya pili dada zake wakamlazimisha kula. Mara ya tatu ikaanza dua.

Saa kumi na moja Sovetbek akamvuta mkono wa koti. "Sasa! Yuko peke yake, ananawa. Nenda."

Alikwenda. Mkono ulikuwa tayari ndani ya koti, umeishika karatasi. Mkuu aliinua uso, macho mekundu, maji yanamchuruzika viganjani.

"Binti, wewe wa nani? Nimekusikia ukilia, sikukujua."

"Natoka Kochkor, baba."

"Kochkor! Na barafu yote ile ya njiani?"

"Wanawake wa Kochkor wamenituma," alisema Kanyshai. Ilikuwa kweli, na ndiyo njia aliyoiandaa ya kuanzia. Lakini hakuwahi kuendelea.

"Wamekutuma umlilie mama yangu," alisema mkuu, na uso wake ukavunjika upya kama wa mtoto. "Watu wa mbali hivyo! Dada! Njooni hapa! Huyu katoka Kochkor kwa ajili ya mama. Mpeni kitambaa, mpeni kabla ya wote."

Dada mtu alikuja mbio, akachana kipande cha kitambaa cha baraka za marehemu, kile wanachogawiwa waliokuja kulia, akamtia Kanyshai mkononi. Ikambidi autoe mkono kwenye koti ili akipokee. Karatasi ilibaki humo humo.

Sovetbek alimngoja karibu na magari, simu tayari kwa picha. "Vipi?"

"Nenda wewe."

Sovetbek alimtazama mkuu, akazitazama ncha za viatu vyake. "Siwezi, dada."

"Basi."

Walisimama hivyo, wote wawili, hata jua likaingia nyuma ya mlima. Saa kumi na mbili na robo simu ililia. Alikuwa mamamkwe, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wakinyamazishana.

"Ametia?"

"Hajatia, mama. Alikuwa anamzika mama yake."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama."

"Ungeitoa hiyo karatasi pale, usingeukanyaga tena mlango wangu," alisema mamamkwe. "Na sasa kwa kuwa hukuitoa, sijui hawa nitawaambia nini. Wako hapa wote, wamenikodolea macho."

Kanyshai alitaka kujibu. Upande wa pili mtu aliuliza, "Amesemaje? Amesemaje?" na hakuna aliyemjibu.