Mama Mkwe na Pongo wa Kiminini

Kizito Wabwile alitangaza mbele ya watu, na shida ikaanzia hapo. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, naye alikuwa na furaha ya mwanamume ambaye mtoto wake wa kwanza amezaliwa majuzi tu. Ndugu za mkewe, Joan, walikuwa wamepiga simu kutoka Kabuchai kusema kwamba siku ya ubatizo watakuja wengi, si wachache. Mtu mmoja akauliza kwa mzaha mboga za kuwatosha watu hao wote zitatoka wapi.

"Hakuna mboga ya kununua," Kizito akajibu. "Hao watu watakula kabichi ya shamba yangu mpaka wafungue mishipi."

Hakuwa anajigamba bure. Kwa miaka mingi alikuwa ameendesha tuktuk mjini Kitale, akimeza vumbi na kelele, hadi alipoamua kurudi kwenye udongo. Akapata kipande kando ya kijito, nje kidogo ya Kiminini, akapanda kabichi, sukuma wiki na maharagwe. Mvua ilikuja vizuri mwaka huo. Kabichi zilikuwa zimeanza kufunga, na kila jioni Kizito alizipitia moja moja akizigusa kichwani kama mwalimu anayehesabu watoto wa chekechea.

Asubuhi iliyofuata tangazo lake, alikuta mstari mzima wa pembeni umeliwa. Mioyo ya kabichi ilikuwa imetafunwa, vishina vimebaki vimesimama, na chini kulikuwa na alama za kwato ndogo zilizochongoka. Alizifuata hadi kwenye vichaka vya kijito, na huko akamwona: pongo jike, swala yule wa vichakani, mwekundu kama udongo wa Kitale, madoa meupe ubavuni, masikio yamesimama. Walitazamana. Kisha mnyama akaruka mara moja tu, akapotea.

"Alikuwa mzuri?" Joan alimuuliza alipofika nyumbani na kumsimulia.

"Mzuri wa nini? Ni mwizi!" Kisha, baada ya kunywa chai kidogo, akasema, "Lakini ni mzuri, hiyo siwezi kataa."

Wakati huo nyumbani kulikuwa na jambo lingine. Mama yake Joan, Nasambu, alikuwa amekuja kumsaidia binti yake kulea. Nasambu alikuwa mama wa Kibukusu aliyeshika desturi bila kulegeza. Kwake, mama mkwe na mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Kulala kwa mkwe ndiyo usiseme. Kwa hiyo alilala kwa majirani, Gachanja na mkewe Gladwell, waliomfungulia chumba bila hata kuuliza atakaa mpaka lini. Asubuhi Kizito akishatoka kwa mlango wa mbele, Nasambu aliingia kwa mlango wa nyuma. Jioni Kizito alikohoa kwa nguvu tangu kwenye lango ili kila mtu ajipange.

"Kwetu pia tunaheshimu wakwe," Gachanja alikuwa akimwambia Kizito huku akicheka, "lakini wewe bana, unakohoa mpaka mbwa yangu inadhani uko na TB."

Gachanja ndiye aliyekuja shambani siku ambayo mstari wa pili wa kabichi uliliwa. Alitazama uharibifu, akatikisa kichwa, akatoa shauri.

"Weka dawa. Paka kwa ndizi mbivu, tupa hapo kwa njia yake. Siku moja tu, maneno kwisha."

Kizito aliokota kishina kilichotafunwa, akakigeuza mkononi. Hakupenda wazo hilo, ila kabichi alizipenda zaidi, na siku ya ubatizo haikuwa mbali. Alikuwa anafungua mdomo kukubali wakati sauti ilipotoka nyuma ya ua wa michongoma, upande wa nyumba.

"Joan! Mwambie mtu aliye huko shambani hiyo kitu isiguse udongo wa hapa!"

Joan alikuwa ndani ananyonyesha, mbali kabisa. Hata hivyo Kizito aligeuka upesi akautazama mlima Elgon, ili asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya.

"Mwambie," sauti iliendelea, "kwetu Kabuchai jirani aliweka dawa ya fuko. Fuko hakukula. Mbwa wangu alikula. Kuku wakala pale mbwa alitapika. Nilizika mbwa, nikazika kuku, na hiyo wiki yote sikulala, nikifikiria watoto wanaookota vitu chini. Fuko mpaka leo anachimba. Mwambie!"

Gachanja alivua kofia. "Tumesikia, mama," alisema kwa sauti ya chini, kisha akamnong'oneza Kizito, "Hiyo ya ndizi, sahau."

Basi wakaanza kutafuta njia nyingine, isiyoua na isiyotoboa mfuko. Wa kwanza kujitolea alikuwa Gladwell, ambaye alikuwa na saluni mjini Kitale. Alisema wanyama wa porini huogopa harufu ya mtu, akamletea Kizito gunia la nywele zilizofagiwa. Kizito alizitawanya kuzunguka shamba kwa uangalifu kama anayepanda wimbi. Kesho yake pongo alikuwa amezikanyaga tu akapita. Gladwell alipokuja kutazama, aliokota konzi moja ya nywele, akainusa, akaanza kucheka mpaka akaketi chini.

"Kizito, nisamehe. Hizi nyingi ni zile za plastiki tunasukia watu. Mnyama ataogopa harufu gani? Ya duka?"

Ndege peke yao ndio waliofaidi. Kwa muda mrefu viota vya hapo kijitoni vilikuwa na nyuzi za zambarau na dhahabu.

Kizito akajaribu sabuni. Alikata mche wa sabuni vipande, akavitundika kwa waya kwenye miti ya ua. Harufu ilikuwa kali na pongo hakuja asubuhi hiyo. Kizito alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mchana tumbili wakashuka. Mmoja aling'oa kipande, akakiuma, akakitema, akampa mwenzake naye aonje. Walipomaliza kugombana, hapakubaki sabuni hata ya kunawia mikono, na Joan alikuwa na maneno yake kuhusu mtu anayetundika sabuni mitini na nepi za mtoto zimejaa karai.

Hapo ndipo Nasambu alipochukua usukani. Aliagiza kupitia Joan: mayai viza, pilipili kali, kitunguu saumu, na maji. Alivipondaponda katika ndoo kuukuu nyuma ya jiko, akaifunika, akaiacha ichachuke. Siku alipoifunua, ng'ombe wa Gachanja waliacha kula wakainua vichwa.

"Mwambie bwana yako anyunyize kwa ua na kwa nyasi ya pembeni," Nasambu alimwambia binti yake. "Si kwa kabichi. Hiyo tutakula."

Kizito alikuwa amesimama upande wa pili wa jiko, hatua chache tu, na alisikia kila neno. Alingoja kwa adabu mpaka Joan akarudia yote.

"Mwambie mama nimeshukuru," alisema. "Na uulize kama nitaweza kuingia kwa nyumba tena baada ya kushika hii kitu."

Joan akageuka. "Mama, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie aoge kwanza."

Dawa hiyo ilifanya kazi. Alama za kwato zilifika karibu na ua, zikasita, zikageuka. Lakini Kitale ni Kitale. Mvua ya alasiri ilinyesha, ikaosha harufu yote, na alfajiri mnyama alikuwa amerudi. Kizito alinyunyiza upya, mvua ikaosha upya. Mayai viza yakaisha, na kuku hawatagi viza kwa kuombwa.

Kizito aliketi kwenye tuta akiwa amevunjika moyo. Siku ya ubatizo aliiona ikija, na aliwaona watu wa Kabuchai wakila kabichi iliyonunuliwa sokoni huku wakimtazama kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi. Alipoinua macho ili asiyaone mawazo hayo, aliona kitu. Kwenye kona ya shamba, pale Joan alipokuwa anaanika nepi, kabichi zilikuwa nzima. Hakuna hata jani lililoguswa. Na kona hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kijito.

Alikimbia nyumbani, akasahau kukohoa. Nasambu, aliyekuwa uani akimwosha mjukuu, alijifunika uso kwa leso upesi, na Kizito akageuza mgongo kwa kasi kiasi kwamba nusura aanguke kwenye karai.

"Joan!" aliita, akiuambia ukuta. "Pongo anaogopa harufu ya mtoto! Kona ya nepi hajagusa!"

Joan alitoka. Kabla hajajibu, Nasambu alisema chini ya leso, "Nepi zimefuliwa. Zinanuka sabuni na jua. Mwulize, kamba za kuanika ni ngapi?"

"Ni mbili," Kizito aliuambia ukuta. "Moja mbele, moja nyuma. Katikati mtu anaweza kulala."

Mtoto alipiga maji kwa mguu.

"Basi si harufu," Nasambu alisema polepole, kama anayefikiri. "Mbuzi wangu anaruka ua yoyote, lakini zikiwa mbili zimekaribiana, anasimama. Akiruka ya kwanza, hajui miguu itashuka wapi."

"Na nepi zinapepea," Kizito aliongeza, "kwa hivyo haoni ng'ambo vizuri!"

Yule mama na yule mwanamume, mmoja amefunikwa na leso na mwingine akiongea na ukuta, walikuwa wanazungumza bila mjumbe. Joan alilitambua hilo kabla yao, akaamua kunyamaza.

Kazi ilianza mara moja. Kamba ya katani ilikuwepo, vigingi vilikatwa kwenye miti ya Gachanja, na magunia ya zamani ya mbolea yakachanwa vipande virefu vya kupepea badala ya nepi. Gachanja alikuwa ameenda Kitale na Gladwell. Na kamba ndefu haivutwi na mtu mmoja. Lazima mwingine ashike upande wa pili.

"Mimi nina mtoto," Joan alisema.

Nasambu alitazama wingu lililokuwa linakusanyika juu ya mlima. Kisha akajifunga leso kiunoni, akaenda mwisho wa shamba, akashika ncha ya kamba, akageuka kukitazama kijito. Kizito alishika ncha nyingine, akageuka kuitazama barabara. Shamba zima lilikuwa kati yao, na hata mzee mkali kiasi gani asingesema hawakuheshimiana. Joan alisimama katikati na mtoto mgongoni, akiwa macho ya wote wawili.

"Mama, vuta! Kizito, legeza! Upande wa kushoto. Si wako, wa mama!"

"Kushoto ni wapi kama nimegeuka?" Kizito alilia.

"Mwambie ni ule mkono haushiki kijiko!" Nasambu alijibu kutoka mbali, na wote watatu wakacheka mpaka kamba ikawa inatetemeka.

Walimaliza mvua ilipoanza kudondoka. Shamba lilizungukwa na mistari miwili ya kamba, vipande vya magunia vikicheza katikati. Halikuwa jambo la kupendeza machoni. Gachanja aliporudi aliuliza kama kuna kampeni ya uchaguzi.

Alfajiri Kizito alijificha nyuma ya mti. Pongo alitoka kijitoni, mtoto wake akimfuata nyuma, kitu ambacho Kizito hakuwa amekijua. Alifika kwenye kamba ya kwanza, akanyoosha shingo, akaitazama ya pili. Alitembea kando yake mpaka kona, akarudi. Gunia moja likapepea. Mnyama alipiga kwato, kisha akashusha kichwa akaanza kula nyasi za ukingoni mwa maji, pamoja na mtoto wake. Kizito aliwatazama mpaka jua likatoka. Alipoikumbuka ile ndizi ya dawa, alimshukuru mama mkwe kimoyomoyo.

Siku ya ubatizo watu wa Kabuchai walikula. Kabichi za pembeni zilikuwa zimeliwa, ndiyo, lakini za katikati zilikuwa kubwa na tamu, na sukuma ilitosha. Mjomba mmoja wa Joan aliomba kuongezwa, kisha akaomba tena, kisha akauliza kwa nini shamba limevaa magunia. Kizito alieleza kwa fahari, na kila alipofika mahali pa mama mkwe alisema "tulifikiria" badala ya "nilifikiria". Upande wa akina mama, Nasambu alisikia, akajifanya anapanga sahani.

Alirudi nyumbani na wenzake jioni hiyo. Hakumuaga mkwe wake, kwa kuwa haikuruhusiwa. Lakini Kizito alikuwa ametanguliza gunia la kabichi kwenye gari lao, zile kubwa kabisa alizozificha tangu asubuhi.

Wiki chache zikapita. Siku moja Joan alikuwa anaosha vyombo, mikono imejaa povu, simu yake ikalia mezani. Kizito akaitazama. Ilikuwa imeandikwa Mama. Ililia ikanyamaza, ikalia tena.

"Shika basi!" Joan alisema.

Kizito aliiweka sikioni kama kitu cha moto.

"Joan?"

"Hapana, mama. Ni mimi."

Kizito alisikia jogoo akiwika huko Kabuchai.

"Wazee walikataza tusitazamane," Nasambu akasema hatimaye. "Sijasikia walisema kitu juu ya simu."

"Hata mimi sijasikia, mama."

"Eeh. Basi sikiza. Ndege wameingia kwa wimbi yangu, wanamaliza. Kamba nimejaribu, wanaikalia."

Joan alimaliza vyombo, akapangusa mikono, akanyoosha mkono apewe simu yake. Kizito aligeukia dirishani, akaziba sikio la pili kwa kidole.

"Endelea, mama," alisema. "Hao ndege ni wa rangi gani?"