Jina Juu ya Mlango wa Maktaba

Mke wangu Verna aliuawa na maji ya bomba letu. Daktari aliandika ugonjwa wa ini. Mimi nasema maji, na bonde zima linasema hivyo, isipokuwa wale tuliowachagua watusemee. Kampuni ya Strake ilimwaga tope la makaa ya mawe kwenye mashimo ya zamani ya mgodi, juu ya visima vinavyolisha mabomba yetu. Mkaguzi wa serikali alikuja, akala mchana na mameneja, akaenda zake. Hakuna aliyeitwa mahakamani mpaka leo.

Tangu mazishi, binti yetu Delphia hakuwa na neno jingine ila haki. Alipokaribia kumaliza sekondari akataka vile vyuo vidogo ambako mtu husoma historia, falsafa na mambo ya jamii kwa pamoja. Vinaitwa vyuo vya sanaa huria. Sasa, huku kwetu milimani, "huria" ni tusi tunalowatukania wanasiasa wa mrengo wa kushoto wa miji mikubwa. Shemeji yangu Otis alipolisikia mezani, uma ulimdondoka.

"Huria? Delphia, utarudi hapa huli hata nyama ya paa, unamwita baba yako mnyonyaji!"

"Mjomba, baba amnyonye nani? Hata gari lake halimtii."

"Na hiyo sanaa? Utachora picha ya haki?"

"Nitaanza na yako, mjomba. Nitakuchora umefunga mdomo."

Vyuo viwili vilimkubali. Kimoja cha kaskazini, kizuri, lakini kilitaka tukope. Cha pili, ng'ambo ya milima, kilisema kitamlipia kila kitu. Mwezi wa Aprili tukaenda kukiona hicho.

Kijana wa chuo alitutembeza akienda kinyumenyume, ndivyo wanavyofundishwa, ili awatazame wageni usoni.

Nikamnong'oneza Delphia, "Ndiyo maana nchi iko hivi. Wanaongoza hawaoni waendako."

"Baba, nyamaza bwana," akasema, lakini alicheka.

Kijana akatuonyesha uwanja ambapo wanafunzi waligoma kwa ajili ya wapishi. Akatuonyesha jengo wanamosomea haki za wanyonge. Delphia macho yalimng'aa, sikuwa nimeyaona hivyo tangu mama yake aondoke. Kisha tukafika maktaba.

Mimi kusoma nasoma polepole. Lakini jina lililochongwa juu ya ule mlango sikuhitaji kulisoma. Lilikuwa kwenye kofia yangu ya mgodini, na kwenye shada la maua walilotuma Verna alipozikwa.

"Zawadi ya familia ya Strake," kijana akasema. "Marafiki wakubwa wa chuo."

"Mali yao waliipata wapi?" Delphia akauliza.

"Madini, nadhani."

"Wapi?"

Kijana akasimama. Akageuka, akautazama ule ukuta kama mtu anayeuona mara ya kwanza. Nani angemwambia? Wakubwa wake ndio waliolichonga jina hilo.

Garini nililipuka. "Watakulisha kwa mkono uliomuua mama yako!"

"Wewe mkono huo si ulikulisha, baba?"

"Sikuwa na pengine pa kwenda!"

"Mimi ninapo. Kule kaskazini hakuna aliyewahi kulisikia jina hili. Watanionea huruma, basi. Hapa limo ukutani. Nikiuliza, hawawezi kusema hawalijui."

"Watakufundisha kunyamaza kwa adabu."

"Wewe umenilea miaka yote hii, hukuweza."

Tulirudi nyumbani. Hatukulizungumza tena.

Siku ya kwanza ya Mei, wanafunzi wanaomaliza huenda shule wamevaa fulana ya chuo walichokichagua. Delphia aliingia jikoni amevaa ile ya kijani, ya ng'ambo ya milima. Akasimama, anangoja nimkaripie. Na karipio nilikuwa nalo, limejaa mdomoni. Nikatafuta wa kumtupia. Strake hayumo. Gavana hayumo. Yupo mtoto wa Verna peke yake, na yeye si bosi wa mtu.

"Utawauliza kweli?" nikasema.

"Mpaka wanichoke."

"Hao hawachoki, mwanangu. Wewe ndiye utakayechoka."

"Basi nitapumzika, halafu niwaulize tena."

Sikumbariki. Nilimsogezea kahawa, akanywa akiwa amesimama, akaenda shule na fulana yake.