Koti la Mfalme Halifuliwi

Mama Sindano alivumilia harufu ya lile koti kwa miaka miwili, mpaka siku hiyo maji yalipomfika shingoni. Asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alilitumbukiza kwenye beseni la sabuni akalifikicha mpaka povu likawa la kijivu. Saa sita lilikuwa limekauka, limepigwa pasi na kutundikwa mahali pake. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, chumba cha mavazi kilikalika.

Alijua watamsema. Nyuma ya pazia kulikuwa na sheria zao: mluzi marufuku, viatu juu ya meza marufuku, na koti la mfalme halifuliwi. Wacheza dansi walisimulia kwamba zamani mwimbaji mmoja alifuliwa koti lake, jioni hiyo sauti ikamkauka katikati ya wimbo. Kila mwezi hadithi ilitiwa chumvi. Mwanzo yule mwimbaji alikohoa, baadaye akazimia, na sasa walikuwa wanaapa kwamba alifia jukwaani, wakikuonyesha mpaka ubao alioangukia. Mama Sindano alikuwa mtunza mavazi kwa miaka kumi na tisa na maiti hakuwahi kuiona. Alichoona ni soksi chafu, na watu wazima waliojua kuogopa mluzi lakini hawakujua kutundika suruali.

Mwenye koti alikuwa kaka yake wa toka nitoke, mwimbaji mkuu, ambaye wote pale walimwita Sauti. Kwa miaka tisa alikuwa anaigiza mfalme mzee anayeondolewa madarakani. Sehemu ya pili ya onyesho ilifunguliwa na yeye peke yake, akiimba kuaga kiti chake, na baada ya hapo mfalme harudi tena kwenye mchezo. Miaka miwili iliyopita aliongeza jambo la kwake: alivua koti katikati ya jukwaa, akalishika wazi kwa mikono miwili, akaliimbia macho yakiwa ndani yake mpaka mwisho. Watazamaji walikuwa wanalia. Mama Sindano alikuwa anaona anajishaua tu.

Wakati wa mapumziko, Sauti aliingia kuvaa. Alifungua koti, akapindua bitana, akaisogeza kwenye taa.

"Nani amelishika hili?"

"Mimi. Lilikuwa linanuka, kaka. Na usinianzie habari za mizimu, nimezichoka."

Sauti aliketi juu ya sanduku la viatu. "Si mizimu. Maneno yalikuwa humu."

Mama Sindano aliinama kutazama. Kwenye bitana kulikuwa na madoa ya bluu yaliyofifia. Ndiyo hayo aliyoyafikicha kuliko mahali pengine pote, akidhani, katika lile povu, ni uchafu tu.

"Maneno gani?"

"Ya wimbo. Yote."

"Wimbo umeuimba miaka tisa."

"Mwanzo ulikuwa unanipotea mstari mmoja, nikauandika. Ukafuata wa pili. Leo sijui hata unaanzaje."

"Na yule mwimbaji aliyefuliwa koti?"

"Nilimtunga mimi, mpate kuliacha. Kufa wamemuua wenyewe."

Mama Sindano alihisi damu inampanda kichwani. Miaka miwili ameziba pua, miaka miwili amegombana na wacheza dansi, kumbe mwongo ni ndugu yake wa tumbo moja. "Mimi ni nani yako?" aliuliza. "Ungeniambia, ningeshindwa kukusaidia? Mficha maradhi..." Akaishia hapo, maana methali hiyo haimalizikii pazuri.

Kengele ya dakika kumi ililia.

"Mwimbaji wa akiba yupo," alisema Mama Sindano kwa sauti ya chini. "Niende kwa mwongozaji?"

"Ukienda leo, jukwaa nimeliaga. Sina kingine, dada. Nikitoka pale sijui nitakuwa nani."

Alimtazama, mtu mzima wa miaka sitini na miwili, taji la karatasi ngumu kichwani, magoti yamekutana kama ya mtoto wa shule aliyekosa jibu. Akasonya. Akachukua kalamu ya kutilia alama nguo, akatandaza koti juu ya meza ya pasi na kuanza kuandika. Hakuhitaji kuuliza kitu. Kwa miaka tisa wimbo ule ulimfikia pale pale alipokuwa akipiga pasi, ukamwingia bila kuutaka.

"Andika kubwa kubwa," alisema Sauti.

"Usinifundishe kazi."

Alimaliza ubeti wa mwisho wino wa kwanza ukiwa bado haujakauka. Akamvika, akamfunga vifungo, akamsindikiza mpaka ukingoni mwa pazia.

Kisha akasimama hapo gizani, mikono kifuani, midomo ikitamka kila neno sekunde moja kabla yake. Sauti alivua koti, akalifungua, akaimba. Hakukosea hata silabi. Kwenye ubeti wa tatu sauti yake ilipanda mpaka Mama Sindano akasahau kwamba amekasirika. Ukumbi mzima ulisimama.

Taa zilipozimwa jukwaani, Sauti alikuja upande wake, jasho linamtiririka, koti mkononi. Makofi yalikuwa bado yanavuma. Akamnyooshea lile koti.

"Nivalishe basi," alisema. "Kengele imeshalia?"

Mama Sindano alilipokea koti, na maneno ya kumkaripia aliyokuwa ameyaweka tayari akayaacha.

"Umeshaimba, kaka," alisema. "Hao wanakupigia wewe makofi."

Sauti aligeuza kichwa akasikiliza, kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za jirani. "Nimeimbaje?"

"Vizuri. Vizuri sana."

Alifurahi. Mama Sindano alimfuta jasho, na taa zilipowaka tena akamshika kiwiko na kumrudisha kwenye mwanga akainame mbele ya watu wake. Hasira bado alikuwa nayo, ila hakujua tena amtupie nani. Koti hakumrudishia. Alilikunja, bitana ikiwa nje, akashuka ngazi kwenda kubisha mlango wa mwongozaji.