Vipande Vyembamba

Wifi alikuwa ameshafungua mlango wa friji ya siagi kwa kiwiko, lile sanduku jeupe lenye mfuniko wa buluu likiwa mikononi mwake, Mwokaji alipogeuka kutoka tanurini na kumwona.

"Usiliweke humo! Wifi, toa hilo sanduku jikoni kwangu, sasa hivi!"

Wifi aliduwaa. Katika miaka kumi na saba ya kufanya kazi pamoja hakuwahi kupigiwa kelele na mke wa kaka yake, hata siku ile alipotia chumvi mahali pa sukari katika keki ya arusi ya watu.

"Kwani si hamira hii? Nimeikuta ngazi ya nyuma inapigwa jua. Mimi naiokoa, wewe unanifokea."

Kosa lake lilikuwa la haki kabisa. Hamira mbichi ililetwa dukani kila Jumanne katika sanduku la baridi, jeupe, lenye mfuniko wa buluu, na mletaji alikuwa na tabia ya kulitua ngazini na kuondoka bila kubisha. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mwokaji, aliyekuwa mwangalifu wa kuhesabu hata chembe za chumvi, hilo hakulifikiria.

Alilichukua sanduku, akalirudisha ngazini, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Kisha akamwambia wifi naye anawe. Alipomaliza akamwambia arudie. Hapo ndipo wifi alipoingiwa na shaka, maana kwa ajili ya hamira mtu hanawi mara mbili.

"Kuna nini mle?"

Mwokaji aliitazama saa ya ukutani. Saa moja na dakika ishirini. Sanduku lilitakiwa kufika kliniki kabla ya saa mbili, na kutunga uongo mzuri kunahitaji muda mrefu kuliko huo.

"Choo changu," alisema.

*

Mambo yalikuwa yameanza wiki sita nyuma, kwa donge la unga.

Daktari mmoja, binti mdogo aliyehamia karibuni kwenye kliniki ya barabara ya pili, alikuwa kaunta akisubiri mkate wake. Kupitia mlango wa jikoni akamwona Mwokaji akikata donge kwenye unga uliokwisha kuumuka, akalitia bakulini na kulifunika kwa kitambaa.

"Mama, hilo la nini?"

"La kesho. Unga mpya ukiuacha peke yake unalala tu. Ukiutilia donge la jana, unaamka. Donge hili lina miaka kumi na saba, mwanangu. Marehemu mume wangu ndiye aliyelianzisha."

Daktari akacheka mpaka akashika kaunta. "Miezi sita nahangaika kuwaeleza watu kazi yangu. Wewe umeieleza kwa pumzi moja."

"Kazi gani hiyo?"

Kuuliza si ujinga, lakini yapo maswali ambayo muulizaji hatoki mikono mitupu. Daktari alimvuta pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini. Matumboni mwa watu mna vijidudu vyema visivyo na idadi, navyo vina kazi zao. Kuna wagonjwa waliokunywa dawa kali za antibaiotiki, hii baada ya hii, mpaka vyema vyote vikafa na kikabaki kibaya kimoja, kikajitawaza. Mgonjwa wa namna hiyo huharisha mchana kutwa, hukonda, akipona wiki hii wiki ijayo kalala tena. Dawa yake ni kupandikiziwa vijidudu vyema kutoka kwenye kinyesi cha mtu mzima wa afya, kilichopimwa, kikasafishwa, kikagandishwa.

"Donge la jana," Mwokaji alisema.

"Donge la jana," daktari akakubali. "Shida ni kwamba damu watu wanachangia kifua mbele. Hiki, kila ninayemwomba anakumbuka ana safari."

Mwokaji hakuwa na safari. Isitoshe, hakukumbuka mara ya mwisho kuumwa ilikuwa lini. Alipimwa damu, akapimwa choo, akaulizwa maswali sitini na mawili, mengine ambayo hata mumewe hakuwahi kumwuliza. Naye aliuliza yake. Kwa nini mfuniko ni wa buluu? Tone moja lina vijidudu vingapi? Na huyo atakayepewa, ataanza kupenda chumvi nyingi kama yeye? Ataamka alfajiri bila kuamshwa?

"Hilo la mwisho hatulijui bado," daktari alisema, na kwa uso wake ilionekana angependa sana kulijua.

Alifaulu. Aliacha shule akiwa darasa la sita, na hapakuwa na mtihani aliowahi kuupita vizuri namna hiyo. Alitoka kliniki akitamani kumwambia mtu, akapita mtaa mzima, akafika nyumbani bila kumwambia yeyote. Tangu siku hiyo kila asubuhi alifanya lililotakiwa kwenye chumba chake cha juu, akalifunga sanduku, akaliweka ngazi ya nyuma. Halikuwahi kuvuka kizingiti cha jikoni mpaka wifi alipoliokoa juani.

*

"Mikono hiyo hiyo ndiyo inayokanda mkate," wifi alisema, sasa akiwa amekaa juu ya gunia la unga.

"Mikono hii inaoshwa kuliko ya daktari. Na wewe, wifi, huendi chooni?"

"Naenda! Lakini sibebi!"

Siku nyingine wangecheka. Wifi alijipangusa uso kwa aproni, na alipouinua, macho yalikuwa mekundu.

"Nisikilize. Mimi si mjinga, naelewa ni dawa. Lakini watu wakisikia neno choo na neno mkate siku moja, duka limekwisha. Tanuri hili kaka yangu alilijenga kwa matofali aliyoyabeba begani. Ndicho kitu chake pekee nilichobaki nacho. Chagua, wifi. Sanduku au tanuri."

Neno hilo lilimchoma Mwokaji, na lilimchoma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Mwenye duka la mkate hauzi unga na maji tu, anauza imani. Mteja anautia mdomoni bila kujua nani aliukanda, wala alikuwa amegusa nini. Alivaa viatu vya nje, akachukua sanduku, akaenda kliniki akiwa ameshaipanga sentensi yake ya kuaga.

Aliyempokea alikuwa nesi wa zamu, mteja wake wa miaka mingi. Dukani walimwita Nesi Ganda, kwa kuwa kila Ijumaa alikuja kuchukua mkate ulioungua kidogo, wenye ganda gumu la kuvunja meno. Aliliweka sanduku kwenye mizani, akaandika, akafungua friji kubwa ya kugandishia. Rafu tatu zilikuwa tupu. Ya nne ilikuwa na chupa chache, zimejikusanya pembeni.

"Zile nyingine ziko wapi?"

"Watu arobaini na mmoja tuliwapima, Mama. Walifaa wawili. Mwenzio, yule mwalimu wa kuogelea, juzi kang'oa jino akapewa antibaiotiki. Hatumtumii tena kwa miezi. Umebaki wewe."

"Nilikuja kuaga."

Nesi alifunga friji polepole. "Sitakushika mkono. Kitu hiki ni cha hiari, na anayetoa kwa kulazimishwa hatumtaki."

Mwokaji aligeuka aondoke. Lakini hakuwahi kutoka mahali popote bila kuuliza.

"Kuna mtu anasubiri?"

"Wapo siku zote."

"Huyo wa mbele kabisa. Anakula nini?"

Nesi aliutazama mlango kuona kama umefungwa. "Uji mwepesi, mwezi wa nne huu. Mkate anauota tu usingizini. Basi, Mama, nimesema kuliko ninavyoruhusiwa."

Mwokaji alirudi kwa miguu, pole pole, akipitia barabara ndefu. Tangu aanze kuoka, mikate mingapi imepita mikononi mwake? Aliowauzia aliwajua, wengine hata kwa hatua zao mlangoni. Hakuwahi kuwaza kwamba yuko mtu, pengine mitaa miwili kutoka tanurini, anayeisikia harufu ya asubuhi na kugeukia ukuta. Alitaka kumjua. Alitaka kujua ni mkate gani anaouota, mweupe au wa ngano nzima, na kama katika ndoto anaupaka siagi.

Alipofika alimwambia wifi jambo moja tu. "Yuko mtu mwezi wa nne huu mkate anauota tu. Siwezi kuliacha sanduku."

Wifi alikuwa ameinama, anapangusa kaunta iliyokwisha kupanguswa, na Mwokaji alipomwangalia vizuri alielewa kwamba tayari amemwambia mtu. Ni mmoja tu, fundi cherehani wa jirani, tena kwa sharti la kutomwambia mwingine. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wifi alikuwa ameshajikwaa.

*

Kesho yake mlangoni walisimama watu saba, mahali ambapo kwa kawaida husimama ishirini. Mbele alikuwa mwalimu mstaafu wanayemwita Mzee Binyabinya, ambaye tangu duka lifunguliwe hajanunua mkate bila kwanza kubinya mitatu minne. Leo mikono yake ilikuwa mifukoni.

"Mama, kuna maneno mtaani."

"Maneno gani, mzee?"

"Unayajua."

Wifi, akiwa kwenye kiti chake cha kaunta, alimkonyeza jicho la kumsihi. Kukana kulikuwa rahisi. Angesema ni hamira, wifi kachanganya, wakacheka, mambo yakaisha. Mwokaji alipangusa mikono, mbele ya macho yale yale ya majirani yaliyomtazama siku aliyomzika mumewe.

"Ni kweli," alisema. "Natoa choo changu kwa wagonjwa. Subirini."

Aliingia jikoni, akarudi na bakuli, akafunua kitambaa. Aliwaonyesha donge, akaeleza kama alivyoelezwa, bila kupunguza. Mwanamke mmoja aliurudisha mkate kaunta kwa ncha za vidole, akatoka. Mwingine akamfuata. Mzee Binyabinya alibaki akilitazama donge kwa muda mrefu.

"Wanaangalia umri?"

"Sijui, mzee. Nenda kawaulize. Wanahitaji watu, nimebaki peke yangu, na peke yangu sitoshi."

Mzee alikohoa. Akatoa mkono mfukoni, akabinya mkate, akabinya wa pili, akanunua wa tatu.

Hata hivyo wifi hakuwa amekosea. Siku zilizofuata trei zilirudi na mikate, wakapunguza unga kwa nusu, na wifi hakusema "nilikuambia", jambo lililokuwa zito kuliko kulisema. Walifanya kazi wakipishana. Sanduku lilikaa ngazini kila asubuhi, na kila Jumanne wifi aliipokea hamira mkononi mwa mletaji mwenyewe.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Nesi Ganda aliingia.

"Leo si Ijumaa," Mwokaji alimtania. "Na wa kuungua sina."

"Nataka ule laini kuliko yote. Na mnikatie. Vipande vyembamba sana."

"Wewe, mkate laini?"

Nesi aliitazama saa ya ukutani, akatazama dari, akatazama rafu za mkate moja baada ya nyingine. Popote alitazama isipokuwa usoni mwa Mwokaji.

"Ganda langu niwekeeni Ijumaa," alisema.

Maswali yalimjaa Mwokaji kinywani, yamebanana. Ni mwanamume au mwanamke? Ameketi mwenyewe au anaegemezwa? Alipoomba, alisema maneno gani? Kwa mara ya kwanza maishani aliyameza yote.

Wifi ndiye aliyeinuka. Alinawa mikono, akanawa tena, akachagua mkate, akachukua kisu chembamba cha keki. Akakata kipande kimoja, akakiinua mbele ya dirisha kuona kama mwanga unapita. Ulipita kidogo tu. Akakiweka kando, akarekebisha kisu, akaanza upya.