Mdalasini Ndani ya Machungwa

Mume wa fundi sabuni alikuwa na ugonjwa mmoja: kupanga vitu. Siku hiyo alikuta rafuni chupa mbili zimebaki nusunusu, akamimina yote katika chupa moja, akajipongeza. Mafuta ya machungwa na ya mdalasini yakawa kitu kimoja.

"Nilitaka kukupunguzia chupa, mke wangu."

"Umenipunguzia usingizi!" Nyumba ya wageni ilikuwa imeagiza sabuni ya machungwa. Hii ingenukia chai ya viungo.

Mume akampigia simu dada yake, mwalimu wa kemia. Fundi hakufurahi. Tangu harusini alimwona wifi huyo mtu wa kujisikia. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Wifi alifika na unga mweupe wa baisalfaiti, aina ya salfaiti ya maabara, akauyeyusha kwenye mtungi wa maji.

"Wifi, harufu ya mdalasini inatokana na aldehaidi. Ndani yake kaboni imeshikana na oksijeni, na oksijeni ni mchoyo, inajivutia elektroni. Kaboni inabaki na njaa. Salfaiti ya unga huu inazo elektroni za kugawa, basi itaifuata, zishikane, tupate chumvi."

"Na machungwa?"

"Karibu yote hayana kaboni ya namna hiyo. Yatatazama tu."

Wakamimina mafuta ndani ya mtungi, wakautikisa kwa zamu, mikono ikauma, wakaanza kucheka bila sababu. Polepole mchanganyiko ukapata ukungu, kisha chenga nyeupe zikajaa kama sukari iliyolowa. Wakachuja kwa kitambaa. Mafuta yakaelea juu ya maji. Fundi akainama akanusa. Machungwa matupu!

"Basi mdalasini wangu ndio umekufa?"

"Haufi. Huu muungano huvunjika." Wifi akazimiminia zile chenga maji ya magadi. Povu likapanda, na chumba kizima kikanukia mdalasini. Fundi akapiga makofi.

"Shuleni wanafunzi wangu husinzia nikifika hapa," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyewahi kunipigia makofi."

Fundi akamtazama upya. Kumbe si majivuno. Mtu alikuwa hana wa kuzungumza naye. Akamfunga aproni.

"Sasa zamu yangu. Koroga sabuni, usiharakishe."

Jioni vipande vya sabuni vya wifi vilitoka vimekwenda kombo. Fundi akavipanga rafuni mbele kabisa, na mumewe aliponyoosha mkono avisawazishe, wanawake wote wawili wakamkemea kwa pamoja.